Brauza Yangu Ilipofika Mia

Mama yangu alirudi shule akiwa na miaka sitini na mitatu. Nasema alirudi, ingawa mara ya kwanza hakwenda vya kutosha hata tuite kurudi. Aliishia darasa la nne. Kwa miaka mitatu mfululizo nilimwona akitoka kuchuma chai, anavua aproni yake ya plastiki, ananawa mikono, anachukua daftari na kwenda kwenye darasa la ngumbaru, la watu wazima, katika ukumbi wa kanisa, huko kwetu nje kidogo ya Kapkatet. Vidole vyake vina weusi wa utomvu wa chai ambao hautoki kwa sabuni yoyote, na kila daftari lake lina alama za vidole hivyo kwenye kona. Siku mwalimu wake alipomwambia kwamba sasa yuko tayari kufanya mtihani, Mama alikuja moja kwa moja kwangu, hata nyumbani hakupitia.

"Niandikishe," akasema.

Alikuja kwangu kwa sababu mimi ndiye mwenye saiba. Ni chumba kimoja chenye kompyuta sita, mashine ya fotokopi, na kitambaa cha buluu ukutani kwa wanaopiga picha za pasipoti. Kompyuta zangu ninazionea fahari na sifichi. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kufungua mlango, nilikuwa nikisasisha kila kitu: kinga ya virusi, programu za kuandikia, na zaidi ya zote brauza, ile programu inayokufungulia mtandao. Mimi nimelelewa kwenye chai. Nimesimama katika foleni ya kituo cha kununulia majani tangu nikiwa sifiki mezani, na nimemwona karani akimwaga gunia letu, anachambua, majani mawili na chipukizi yanabaki, na jani lililokomaa linatupwa chini mbele ya macho yako. Kwa hiyo kichwani mwangu jambo hilo halikuwa na mjadala. Kichanga kinapokewa, kilichozeeka kinarudishwa nyumbani.

Usajili wa mtihani ulikuwa unafanyika kwenye tovuti ya shirika moja la mitihani ya watu wazima, na si mahali pengine popote. Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Tungeweza kumaliza kazi hiyo mapema, lakini Mama alikataa picha zake tatu za pasipoti. Ya kwanza alisema inamfanya aonekane mwizi. Ya pili ilimfanya aonekane mgonjwa. Ya tatu alisema haina kosa, ila haipendi. Ya nne tulipatana Alhamisi jioni.

Na hiyo Ijumaa haikuwa ya mchezo. Mwaka uliofuata silabasi ilikuwa inabadilika, na vitabu ambavyo Mama alikuwa amevisoma kwa miaka mitatu visingetahiniwa tena. Akikosa mwaka huu, ataanza upya kwa vitabu vingine. Alikuwa ameniambia waziwazi kwamba hataanza upya. "Nimepanda mlima mara moja," alisema. "Mara ya pili magoti itakataa."

Saa tatu asubuhi aliingia saiba akiwa amevaa suti yake ya Jumapili, kofia ya kanisani na viatu vya kufungwa.

"Unaenda wapi?" nikamuuliza.

"Si ninaandikishwa?"

Nyumbani tunaongea Kikipsigis, lakini tangu aanze masomo Mama alikuwa amepitisha sheria kwamba ndani ya saiba ni Kiswahili, kwa sababu ya mtihani. Nikamvutia kiti kwenye kompyuta namba moja, ile iliyo bora, nikafungua tovuti. Ukurasa ulikuja mweupe, mtupu, na katikati maandishi mekundu kwa Kiingereza. Nikamtafsiria: "Samahani. Brauza yako ni ya zamani mno. Toleo lako ni la 10. Tumia toleo la 60 au jipya zaidi."

Ya zamani! Mimi! Hasira zangu huchemka haraka kuliko maziwa, na hiyo asubuhi zilimwagika kwenye meko. Kama wangeniambia mtandao wangu ni wa polepole ningevumilia. Kama wangesema chumba changu ni kidogo ningekubali, maana ni kidogo. Lakini kuniita wa zamani, mimi ambaye siku nne tu zilizopita nilikuwa nimesasisha kompyuta zote sita mpaka bando likaisha! Nikaifuta ile brauza yote na kuiweka upya. Ukurasa mweupe, maandishi mekundu, toleo lako ni la 10. Nikajaribu brauza nyingine ya kampuni tofauti, ambayo nayo nilikuwa naiweka mpya kila Jumatatu. Hiyo nayo ikaambiwa ni ya 10.

Tukahamia kompyuta namba mbili. Halafu ya tatu. Mama alinifuata na mkoba wake, akikaa kwenye kila kiti kwa adabu kama mtu anayesogea kwenye benchi la hospitali. Alikuwa akiisalimia kila kompyuta kwa kutikisa kichwa kidogo. Tulipomaliza ya sita, nikajaribu kwenye simu yangu, nayo ikakataliwa kwa maneno yale yale.

Kwenye ule ukurasa kulikuwa na namba ya kupiga. Nilipiga mara nyingi kabla ya kijana mmoja kushika, mwenye sauti tamu ya mtu aliyekunywa chai ya saa nne kwa amani.

"Madam, brauza yako ni ya zamani," akasema.

"Nimeweka mpya leo asubuhi."

"Basi weka mpya zaidi."

"Hakuna mpya zaidi. Hii ndiyo ya mwisho duniani."

"Hapo sasa madam itabidi u-update," akasema, akanitakia siku njema.

Nilikata simu nikatamka neno ambalo Mama alijifanya hajui maana yake. Ilikuwa imefika saa saba. Wateja wawili waliokuja kupiga fotokopi niliwajibu vibaya, na mmoja wao hajawahi kurudi, simlaumu. Niliinamisha kichwa kwenye kibodi. Nilikuwa nimeanza kuogopa, na mimi nikiogopa nafoka, kwa hiyo nikamfokea Mama, nikamuuliza kwa nini hakuipenda picha ya tatu.

Yeye alikuwa amevaa miwani yake, amesogeza uso karibu na kioo, anasoma yale maandishi mekundu kwa kidole, neno moja moja, kama alivyofundishwa.

"Hii kitu inasema yako ni ngapi?" akauliza.

"Kumi."

"Na kwa ukweli ni ngapi?"

Nikaangalia mahali ambapo brauza huonyesha namba yake. "Mia moja. Imefika mia Jumatatu hii."

"Mia moja inaandikwa aje?"

"Mama, tafadhali."

"Mimi ndiye naenda mtihani. Niambie."

"Moja, sifuri, sifuri."

"Na kumi?"

"Moja, sifuri."

Akavua miwani. Akaanza kucheka, kwanza polepole, mabega tu, halafu akashika meza. "Kibao," akasema. "Hii ni kibao ya kanisa."

Nilielewa mara moja, na yeyote anayesali katika kanisa letu angeelewa. Ukutani, upande wa kulia wa mimbari, kuna kibao cha mbao ambacho huwekwa namba za nyimbo za siku hiyo. Fundi aliyekitengeneza zamani aliweka nafasi mbili tu za tarakimu, kwa sababu kitabu cha nyimbo cha wakati huo hakikufika mia. Baadaye kikaja kitabu kipya chenye nyimbo nyingi zaidi, na hakuna aliyefikiria kibao. Sasa, kanisani kwetu kuna desturi moja ambayo haivunjwi: tunaimba kilicho kwenye kibao. Mchungaji anaweza kutangaza hili au lile, lakini macho ya watu yako ukutani.

Ikawa siku ya harusi ya binti wa jirani yetu. Wimbo wa kumwingiza bibi harusi ulikuwa wa mia moja na nne. Mzee wa kanisa akapanda kwenye kiti, akaweka moja, akaweka sifuri, na ile nne ikakosa mahali. Akaigeuza mkononi, akaangalia huku na huku, akaitia mfukoni mwa koti. Mlango ukafunguliwa, bibi harusi akaingia na shela lake jeupe, na kanisa zima likasimama na kuimba wimbo wa kumi kwa sauti zote nne. Wimbo wa kumi ni wa kumsindikiza marehemu. Mama alikuwa kwenye kwaya, akaimba sauti ya pili mpaka ubeti wa pili kabla ya kushtuka. Bibi harusi alilia, na watu wakadhani ni furaha. Ndoa yao ina watoto watano sasa, asante Mungu.

"Hao watu wa mtihani wako na kibao ya nafasi mbili," Mama akasema akipangusa machozi. "Wewe umewapelekea wimbo wa mia. Wamesoma moja, sifuri, wakatupa ingine kwa mfuko. Wanafikiri wewe ni kumi."

Nilimtazama mwanamke huyu aliyeishia darasa la nne. Mimi nina cheti cha kompyuta, nimekitia fremu, kiko ukutani juu ya mashine ya fotokopi. Nimeangalia namba ile tangu saa tatu asubuhi kwa macho mawili mazima na sikuiona.

"Baada ya harusi tulifanya nini?" akaniuliza, kwa sauti ya mwalimu wake.

"Mchungaji alichagua nyimbo za chini ya mia mpaka kibao kikarekebishwa."

"Basi tafuta ya chini ya mia."

Ni rahisi kusema. Nilitafuta brauza ya zamani mtandaoni, nikapata moja, nikaiweka, na kabla sijamaliza kuandika anwani ya tovuti ikawa imejisasisha yenyewe kwa furaha mpaka mia moja. Nilikuwa nimezifundisha kompyuta zangu vizuri kupita kiasi. Saa ya ukutani ilisema saa nane na nusu. Nilihitaji kompyuta ya mtu mvivu, mtu asiyesasisha kitu, mtu ambaye nimemcheka miaka yote. Nilimjua mtu huyo. Ukuta wake na wangu ni mmoja.

Jirani yangu ana duka la dawa za mifugo. Alihamia hapa kutoka upande wa Kisii kabla mimi sijaolewa, na watu wanamwamini kuliko daktari wa ng'ombe. Kwenye kaunta yake, katikati ya chupa za dawa ya kupe na mifuko ya chumvi ya ng'ombe, kuna kompyuta kubwa ya rangi iliyokuwa nyeupe, ambayo kazi yake ni kucheza video za kwaya. Wateja wangu nilikuwa nikiwaambia, kwa sauti ya kupenya ukuta, kwamba ile ni kompyuta ya makumbusho. Na kila niliposhauri aisasishe, alinijibu vile vile: "Madam, kitu inafanya kazi, unaiguza ya nini?"

Nikaingia kwake na Mama nyuma yangu, na kofia yake. Nikaeleza. Nilieleza haraka nikiangalia mfuko wa chakula cha kuku, kwa sababu sikuweza kumwangalia yeye. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akafunga chupa aliyokuwa ameshika, akaiweka rafuni, akarudi.

"Kwa hivyo umekuja kwa makumbusho," akasema.

"Nimekuja."

"Hiyo ni mzee. Mzee akitembelewa anafanyiwa nini?"

"Usinifanyie hivyo."

"Madam, mimi nina wakati. Ni nyinyi mko na haraka."

Mama alinigusa kwa kiwiko. Basi, mbele ya wateja wawili na mtu mmoja aliyekuja kununua sindano ya ndama, nikaisogelea ile kompyuta na kuiambia: "Shikamoo."

"Marahaba," jirani akaijibia, akanipisha kiti.

Brauza yake ilikuwa toleo la themanini na saba. Nilifurahi kuiona ile namba kuliko nilivyowahi kufurahia namba yoyote. Nikaiunganisha na mtandao wa simu yangu, na mara tu ilipoonja mtandao, pale juu pembeni kikatokea kisanduku cha kijani: kuna toleo jipya, bonyeza hapa usasishe. Naapa sikufikiria. Mkono wangu ulikwenda wenyewe, kama unavyokwenda kila Jumatatu, na kidole kilikuwa kimebakisha unywele kubonyeza. Mama aliupiga ule mkono kofi ambalo sijapigwa tangu nikiwa darasa la sita.

"Acha hiyo!"

"Sikuwa nabonyeza."

"Ulikuwa unabonyeza," walisema wote wawili pamoja, na yule wa sindano ya ndama akaitikia.

Nikaandika anwani. Ukurasa mweupe ulikuja, nikafumba macho. Nilipofumbua, palikuwa na fomu. Nilipiga yowe hadi kuku waliokuwa nje wakatawanyika.

Tukajaza. Jina, namba ya kitambulisho, mahali pa kuzaliwa. Tarehe ya kuzaliwa ni ile ya kitambulisho, tarehe moja mwezi wa kwanza, kama nusu ya watu wa rika lake, ambao ukiwasikiliza wote walizaliwa Mwaka Mpya. Picha ya nne ikaingia bila matatizo, na Mama akaiangalia kwa kuridhika. Saa kumi kasoro. Nilishaanza kupumua kama mtu wa kawaida nilipofika sehemu ya mwisho. Fomu ile inaonekana waliinakili kutoka mtihani wa watoto na hawakuiangalia mara mbili. Iliuliza jina la mzazi au mlezi wa mtahiniwa, namba yake ya simu, na uhusiano wao.

Nikaacha wazi. Ikakataa. Nikaandika hakuna. Ikakataa, inataka namba ya simu.

"Wanataka mzazi wako," nikamwambia Mama. Nilitarajia acheke.

Hakucheka. Alikunja na kukunjua mkanda wa mkoba. Halafu akaacha Kiswahili chake cha mtihani, akaniambia kwa lugha ya nyumbani kitu ambacho hakuwahi kuniambia. Mimi nilikua nikisikia kwamba aliishia darasa la nne, kama barabara inavyoishia mahali, bila mtu kuulizwa. Kumbe baba yake aliingia darasani mwenyewe, katikati ya somo la hesabu, akasimama mlangoni na kumwita. Kaka zake wawili walikuwa darasa hilo hilo, na hawakuitwa. Alikusanya vitu vyake, na mwalimu akaendelea kufundisha. Kesho yake alikuwa kwenye chai. Alisema hesabu iliyokuwa ubaoni ilikuwa ya kugawanya, na kwa miaka mingi alipokuwa akichuma alikuwa akijiuliza jibu lilikuwa ngapi.

"Yule hakuniandikisha," akasema. "Nikimweka hapo nitakuwa nimedanganya serikali."

Jirani yangu haelewi Kikipsigis sana, lakini alielewa sauti. Aligeuka akaanza kupanga mifuko ya chumvi iliyokuwa imepangwa tayari.

"Tuandike nani, basi?" nikauliza.

"Andika wewe."

"Mama, mimi ni mtoto wako."

"Nani alininunulia vitabu?" Alikuwa amerudi kwenye Kiswahili. "Nani anaangalia kama nimefanya homework? Nani ananigombeza nikilala na taa? Wewe andika jina yako huko na uharakishe, hii watu wanafunga."

Nikaandika jina langu. Nikaandika namba yangu ya simu. Kwenye uhusiano palikuwa na machaguo matatu tu: baba, mama, mlezi. Nikachagua mlezi, nikabonyeza tuma. Duara likazunguka, likazunguka, sote tukiliangalia, hata mwenye ndama, ambaye alikuwa amelipia sindano yake kitambo na haendi. Halafu simu yangu ikalia mfukoni. Nikaitoa na kusoma kwa sauti, nikiutafsiri ule ujumbe jinsi ninavyousoma.

"Mpendwa mzazi au mlezi. Mtoto wako amesajiliwa kwa mtihani. Tafadhali hakikisha..."

Hapo sauti ikakatika. Nilijaribu tena kutoka mwanzo na nikakwama pale pale, kwenye mtoto wako. Jirani akanipokonya simu akamalizia mwenyewe: tafadhali hakikisha anafika mapema, akiwa na kalamu mbili. Akapiga makofi, na wateja wakapiga makofi, na Mama akasimama katikati yao na suti yake ya Jumapili, akiwashukuru mmoja mmoja kwa mkono. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya mfuko wa chakula cha kuku nikilia kwa kwikwi, bila haya yoyote.

Mama aliponifikia aliniinamia, akanipangusa uso kwa kile kiganja chake cheusi, akanong'ona ili wengine wasisikie.

"Nyamaza. Mzazi halii mbele ya mtoto."